Nyasi Bandia Uani: Tuzikarabati au Tuzing'oe?

Wengi wetu nyasi bandia tulizizoea kwanza kwenye viwanja vya mpira, Karume jijini Dar es Salaam na Amaan kule Unguja. Sasa zimeingia majumbani: barazani, juu ya paa, na zaidi ya kote, uani. Muuzaji huziuza kwa ahadi tatu. Hazimwagiliwi, hazikatwi, hazitaki matunzo. Ahadi mbili za kwanza zina ukweli. Ya tatu ni uongo, na matokeo yake tunayaona kwenye nyua nyingi: makapeti yaliyokunjamana, mishono iliyoachama, harufu inayofukuza wageni.

Hoja ya mjadala huu ni moja. Nyasi bandia zikishaharibika uani, tufanye nini: tununue nyingine, tuzikarabati, au tuzing'oe turudi kwenye ukoka? Nimewaweka wahusika watatu mezani, kila mmoja na msimamo ambao watu wa Dar es Salaam huutetea kweli. Mama ni mwenye nyumba. Fundi hutandika na kukarabati nyasi bandia. Bwana Shamba ni mstaafu wa kilimo ambaye sasa ana kitalu cha miche kando ya barabara. Mimi nitauliza maswali, na mwishoni nitasema nasimama upande gani.

MSIMAMIZI: Mama, ua ni wako. Tuanzie kwako.

MAMA: Mimi sikutandika kwa anasa. Ua wangu una pande mbili. Upande mmoja uko juani kutwa, ndipo palipokuwa na ukoka. Upande wa pili uko chini ya mwembe, na hapo hapajawahi kuota kitu zaidi ya vumbi. Masika yakija, watoto wanaingia ndani na matope hadi vyumbani. Kisha ikaja Oktoba 2022, Mto Ruvu ukapungua, maji ya jiji yakawa ya mgao. Ningemwagiliaje nyasi wakati ndoo ya kupikia naihesabu? Nikatandika kapeti ua mzima, mita za mraba 40. Leo mshono wa katikati umefunguka, karibu na jiko la kuchomea nyama pana doa lililoungua, maji yanatuama kando ya ukuta, na kona ya mbwa haikaliki. Nimeshaanza kuulizia bei ya kapeti jipya.

BWANA SHAMBA: Mama, usinunue. Ulichonacho ni plastiki tupu: nyuzi za polietilini, mgongo wa polipropilini uliopakwa lateksi, na mchanga juu yake. Ukitupa hilo na kuleta lingine, baada ya miaka kumi utakuwa hapa hapa na doa lile lile. Ng'oa, nitakuletea ukoka.

FUNDI: Shikamoo Mzee.

BWANA SHAMBA: Marahaba, Fundi. Najua hutakubaliana na mimi.

FUNDI: Kwenye kutonunua jipya tuko pamoja, Mzee. Kwenye kung'oa ndipo tunapoachana. Mama amenitajia dosari nne, na hakuna hata moja inayohitaji kapeti jipya. Tatu kati ya hizo chanzo chake kiko chini ya kapeti. Akitandika jipya juu ya msingi ule ule, masika mawili tu na yote yatarudi.

MSIMAMIZI: Twende dosari moja moja. Mshono umefunguka. Watu wengi wangeenda dukani kununua gundi.

FUNDI: Na ndio kosa la kwanza. Wanamimina gundi ya viatu au supaglu kwenye ufa, wanakanyagia, basi. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu, haipindi, na jua na unyevu vinaimaliza. Mimi nikifika siongei habari ya gundi. Nafunua kapeti pande zote mbili za mshono, naangalia chini. Mara nyingi nakuta udongo umeshuka: maji ya mvua yameondoa vumbi la kokoto la msingi, pamebaki shimo, na kila mguu unaopita unauvuta mshono kwenda chini. Hapo gundi ya aina yoyote itaachia. Kwanza najaza vumbi la kokoto, nalowesha kidogo, nashindilia mpaka kisigino hakiachi alama.

MAMA: Baada ya hapo?

FUNDI: Baada ya hapo natandaza mkanda wa kuungia, upana wake sentimita 30, nusu kila upande wa mshono. Napaka gundi ya poliyurethini juu ya mkanda, si juu ya kapeti, halafu nalaza upande mmoja, nafuata na wa pili. Kingo mbili nazikaribisha ziachane milimita mbili au tatu tu. Zikibanana sana, kapeti litapanda mgongo jua likiwaka. Zikiachana sana, mstari utaonekana kutoka getini. Kazi yenyewe ipo kwenye vidole: kuzitoa nyuzi zote zisinaswe na gundi. Nyuzi zikilala ndani ya gundi, mshono unakuwa kovu. Nikimaliza naweka viroba vya mchanga juu, na hakuna kukanyaga hadi kesho yake. Tena naifanya jioni. Mchana kapeti limetanuka kwa joto. Ukiunga saa hizo, usiku litasinyaa na kuvuta mshono.

MSIMAMIZI: Na doa lililoungua?

FUNDI: Hilo ni kaa la moto. Polietilini inaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 110 hadi 130, na kaa la mkaa lina joto la mara kadhaa ya hapo. Nyuzi zilizoyeyuka hazirudi. Zikiwa chache nazikata ncha kwa mkasi. Likiwa doa kubwa, ni kiraka. Napindua kapeti, nakata kwa nyuma mraba unaofuata mistari ya nyuzi, nikipitisha kisu katikati ya mstari na mstari. Ukikata kwa juu unakata nyuzi zenyewe, na kingo zinabaki na upara. Kile kipande kibovu ndicho kipimo cha kukatia kipya. Halafu naangalia mwelekeo. Nyuzi zote zimelala upande mmoja. Unapitisha kiganja, unasikia upande laini na upande unaokataa. Kiraka kikilazwa kinyume kitang'aa tofauti hata kama ni kapeti lile lile, kama ilivyo kwa fundi cherehani anayeunga mahameli.

MAMA: Kipande ninacho. Nilibakiza kidogo stoo, hakijaguswa.

FUNDI: Hicho tutakitumia mahali pasipoonekana. Kimekaa gizani miaka yote, rangi yake ni ya dukani, na uani rangi imepauka. Nitakata kiraka nyuma ya tangi la maji, pale jua linapofika lakini macho hayafiki. Kipande cha stoo kitaziba pengo la huko nyuma.

BWANA SHAMBA: Ufundi wako nauheshimu, kijana. Ila hujagusa swali langu. Kwa nini jiko liko juu ya plastiki? Kwa nini watoto wanacheza juu ya plastiki juani? Nikukumbushe kitu hiki kilikotoka. Uwanja wa ndani wa Astrodome, Houston, Marekani, ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na nyasi za kweli chini ya paa linalopitisha mwanga. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mwanga wa paa unawapofusha, mpira hawauoni ukiwa juu. Paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Mwaka 1966 kampuni ya Monsanto ikaleta kapeti la nailoni, na hapo ndipo dunia ilipolijua jina la AstroTurf. Tuelewane: zililetwa pale kwa sababu jua lilikosekana. Sisi tunalo jua la kutosha ukoka mwaka mzima, tunalifunika kwa plastiki!

MSIMAMIZI: Fundi, joto unalikubali?

FUNDI: Nalikubali, silibishii. Saa saba mchana Februari, mtoto hawezi kukanyaga peku. Namwambia mteja amwagie maji kabla watoto hawajatoka.

BWANA SHAMBA: Maji ambayo Mama alikuwa anayaokoa. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, walipima uwanja wao wa nyasi bandia. Siku ambayo hewa ilikuwa na nyuzijoto 37, walipata kipimo cha 93 kwenye uso wa uwanja. Wakajaribu kuumwagia maji: ukashuka kutoka 79 hadi 29, na baada ya dakika 20 ulikuwa umerudi 73. Ukoka haufiki huko, kwa sababu jani hai hupumua maji na kujipoza. Na kiangazi kikiunyausha, mzizi haujafa. Ukipata mvua mbili unachipua.

MAMA: Mzee, chini ya mwembe je? Ukoka nilipanda mara nyingi, ukafa kila mara.

BWANA SHAMBA: Ukoka hautaki kivuli, hilo nisikudanganye. Chini ya mwembe weka kokoto, au mimea ya kivulini.

MAMA: Watoto wakacheze juu ya kokoto?

BWANA SHAMBA: Hapo umenibana.

FUNDI: Sasa Mzee, na mimi nikuulize. Ukiling'oa leo, linakwenda wapi?

BWANA SHAMBA: Dampo.

FUNDI: Pugu. Mita za mraba 40, pamoja na mchanga wake. Kila mita imebeba kilo tano hadi kumi za mchanga, kwa hiyo lori linabeba kilo mia mbili hadi mia nne za mchanga peke yake, ukiacha plastiki. Ni vigumu mno kuitenganisha ile polietilini na lateksi iliyogandia mgongoni. Au atatokea mtu alichome, na moshi wake mtaa mzima utauvuta. Mzee anataka kupunguza plastiki kwa kuitupa plastiki ambayo bado inafanya kazi.

BWANA SHAMBA: Swali zuri, na nalijibu. Plastiki iliyo uani haijakaa tu. Inasagika. Kila ikifagiliwa, kila ikikanyagwa, nyuzi zinakatika vipande, mvua inavisomba hadi mfereji, mfereji hadi Mto Msimbazi, Msimbazi hadi baharini. Bandu bandu huisha gogo. Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitutangulia tarehe 28 Agosti 2017. Tuliona aibu ya mfuko kuning'inia mtini, na sasa tunatandika plastiki ardhini kwa mita. Umoja wa Ulaya kwa kanuni ya mwaka 2023 umeamua kwamba ifikapo Oktoba 2031 punje za mpira na plastiki za kujazia viwanja hivi hazitauzwa tena, kwa kuwa ndizo chanzo kikubwa cha chembe za plastiki zinazowekwa kwa makusudi na kuishia kwenye mazingira.

FUNDI: Ndiyo maana nyumbani siweki punje za matairi. Naweka mchanga wa silika, uliooshwa, wenye punje za mviringo. Unalikandamiza kapeti lisipepee wala kukunjamana, unazisimamisha nyuzi, na unaukinga mgongo na jua. Mchanga ukipungua, nyuzi zinalala, na nyuzi iliyolala ndiyo inayokanyagwa hadi ikakatika. Sehemu ya huko kusagika unakokusema inatokana na watu kutoongeza mchanga na kutopiga brashi.

MAMA: Hakuna aliyeniambia habari ya brashi.

FUNDI: Kila wiki, Mama. Brashi ngumu ya plastiki, ukisukuma kinyume cha ulalo wa nyuzi. Usitumie ya waya. Majani ya mwembe yaondoke kila siku, yasiozee pale, maana yakioza yanakuwa udongo na udongo unaotesha magugu. Mchanga uongezwe mara moja kwa mwaka. Kabla ya masika funua kingo, angalia matundu ya kutolea maji kama hayajaziba.

MSIMAMIZI: Tumefika kwenye maji yaliyotuama, na kona ya mbwa.

FUNDI: Ni ugonjwa mmoja. Chini ya kapeti lazima pawe na mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, ukielekea kwenye mfereji, si kwenye ukuta. Kwa Mama, kando ya ukuta, aliyetandika aliweka juu ya sakafu ya zamani ya saruji, na ile sakafu imebonyea. Mkojo wa mbwa unapita matundu ya kapeti, unafika kwenye saruji, unakaa. Unaweza kumwaga siki iliyochanganywa na maji, unaweza kununua dawa ya vimeng'enya inayovunja mkojo, harufu itapungua siku mbili tatu na kurudi. Pale dawa ni kufunua, kuosha, kusawazisha mteremko kwa saruji mpya, na kutoboa mfereji. Na tafadhali, petroli isiguse kapeti kwa kisingizio cha kusafisha madoa. Inaila ile lateksi, na nyuzi zinaanza kung'oka.

BWANA SHAMBA: Na magugu, hasa ndago?

FUNDI: Hapo, Mzee, nakiri zinanisumbua. Nazing'oa, wiki inayofuata zipo.

BWANA SHAMBA: Kwa sababu unang'oa jani. Ndago ina ncha kali kama sindano, inatoboa hata plastiki ya kufunikia matuta shambani, seuze kapeti lenye matundu. Uhai wake uko kwenye vile vijikokwa vya chini, vimeungana kwa mnyororo. Ukivuta jani, kijikokwa kinabaki na kinachipusha kingine. Funua kapeti pale zilipotokea, chimba hadi upate mnyororo wote, choma vijikokwa, ndipo ushindilie tena. Usipofanya hivyo kabla ya kutandika, hakuna kitambaa cha chini kitakachokuokoa.

MAMA: Kumbe hata Mzee anajua kukarabati.

BWANA SHAMBA: Najua ardhi, Mama. Plastiki yenu inakaa juu yake.

MSIMAMIZI: Swali la mwisho kwa Fundi, na nataka jibu la kweli. Ni lini ukarabati unakuwa kumdanganya mteja?

FUNDI: Kuna vipimo viwili, na Mama anaweza kuvifanya mwenyewe bila mimi. Shika kishada cha nyuzi, vuta kwa nguvu ya kawaida. Kikitoka kizima na mizizi yake, lateksi ya mgongoni imekufa. Kiraka hakitapata pa kushika. Cha pili, sugua nyuzi katikati ya vidole. Zikivunjika au zikiacha unga, jua limeshazimaliza, na kila siku ya ziada uani ni plastiki inayokwenda mferejini kama anavyosema Mzee. Kapeti likishindwa kipimo chochote kati ya hivyo, fundi anayekuambia atalitengeneza anataka hela yako.

MAMA: Nilijaribu wakati mnaongea. Chini ya mwembe nyuzi ni nzima, hazing'oki. Upande wa juani zimeacha unga mkononi.

BWANA SHAMBA: Jua limeshatoa hukumu yake.

FUNDI: Basi upande wa juani siutetei, Mzee. Chukua wewe.

Hapa nafunga mjadala, na nasema ninachoamini.

Kununua kapeti jipya kila la zamani linapochoka ndilo jibu baya kuliko yote, na ndilo linalotolewa mara nyingi zaidi kwa sababu lina faida kwa kila mtu isipokuwa mwenye nyumba na mtaa wake. Fundi amenishawishi kwamba dosari nyingi za nyasi bandia ni za msingi, mteremko na mshono, na kwamba mtu mwenye vumbi la kokoto, mkanda, gundi sahihi na subira ya siku moja anaweza kulirudishia kapeti miaka mingi. Plastiki ikishaingia uani mwako, imekuwa dhamana yako. Kuitupa ikiwa bado nzima ni kumhamishia mzigo wako mtu anayeishi jirani na dampo, na kuiacha ikisagika bila brashi wala mchanga ni kuuhamishia mto.

Lakini Bwana Shamba ana haki kwenye jambo ambalo ukarabati hauwezi kulifuta. Juani, nyasi bandia ziko mahali ambapo zitaungua, zitawachoma watoto na zitakufa mapema, tena mahali ambapo ukoka ungestawi. Kivulini, ambako ukoka hufa, nyasi bandia hukaa poa na kudumu. Kwa hiyo ukarabati wa kweli huanza kwa kupunguza eneo. Kata upande wa juani uliokwisha, hifadhi vipande ambavyo bado ni vizima viwe viraka vya baadaye, mpe Bwana Shamba udongo wake apande ukoka mwanzoni mwa mvua ili mvua zenyewe ziushikishe. Upande wa mwembe urekebishwe msingi, uungwe upya, na shina la mti liachiwe duara la udongo wazi ili mizizi inywe. Jiko lihamie kwenye saruji. Kona ya mbwa ifunuliwe hadi kwenye sakafu kabla ya kununua chupa yoyote ya dawa.

Na kwa wanaofikiria kutandika leo kwa mara ya kwanza: msiulize kwanza bei ya mita. Ulizeni nini kitakuwa chini, maji yatatokea wapi, kivuli kiko saa ngapi, na nani atashika brashi kila wiki. Takeni kipande cha akiba na kiwekeni pale pale nje, kipauke pamoja na kapeti. Kama nyumbani hakuna mtu aliye tayari kwa kazi hiyo, msitandike. Pandeni ukoka penye jua, mwageni kokoto penye kivuli, na hela iliyobaki ijenge mfereji, kwa sababu mfereji utahitajika kwa vyovyote vile.